Dungu la Wageni

Siwapendi ndege. Najua si neno la kusema hadharani siku hizi, lakini mimi nimelelewa kuwafukuza, na mtu hawezi kufukuza kitu utoto wake wote halafu aambiwe akipende kwa sababu kimechorwa kwenye kibao. Katika bonde letu, huku nyuma ya Msambweni, mpunga ukianza kutoa masuke kazi ya watoto ilikuwa moja tu, kuamia. Unaamshwa alfajiri usingizi ungali machoni, unapewa debe bovu na kijiti, unapandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, na hapo unakaa kupiga debe na kupiga kelele mpaka koo likauke. Ndege wakitua kwenye mpunga, unayechapwa ni wewe.

Mnana nilimchukia kuliko wote. Ana manjano yake mazuri, sikatai, na watu humsifu kwa ufundi wa kusuka kiota. Lakini hali akashiba akaenda zake. Hushika suke, akakamua punje ingali na maziwa, akatupa ganda, akahamia suke la pili, na haji peke yake, huja na ukoo mzima na majirani. Suke lenye punje huinama kwa uzito wake. Walilopita wao husimama wima, na mgeni asiyejua kilimo angeliona limesimama vile akalisifu kwa afya.

Basi nilicheka sana mdogo wangu aliponiambia kwamba bonde letu limekuwa hifadhi ya ndege na yeye ndiye mwenyekiti wake. Nilidhani ananitania. Kumbe wazee walikuwa wamekaa, wakakubaliana kwamba kile kinamasi cha katikati chenye matete, ambacho hata zamani hakikulimika, kiachwe kama kilivyo, kisichomwe wala kisichimbwe, na vijana wakitunze na kupokea watalii. Kwa hilo sikuwa na neno. Kinamasi hakikuwahi kutupa kitu ila mbu.

Neno lilinijia nilipoliona lile banda walilojenga la kutazamia ndege. Limeinuliwa kwa nguzo, lina ngazi, bati juu, na vidirisha vyembamba vya kuchungulia. Wamelipa jina refu la Kizungu, lakini ni dungu, na limesimama palepale lilipokuwa dungu letu alilolijenga baba. Tofauti ni kwamba sisi tulipanda juu ili ndege waondoke, na hawa wanapanda juu ili ndege wabaki.

Majaruba ya mama yamepakana na kinamasi hicho. Hayakuchukuliwa, na walikubaliana mbele ya watu kwamba mpaka ni mfereji, upande wa huku ni wa mama na ataendelea kulima kama kawaida yake. Mama hali mchele wa dukani. Husema hauna harufu, unanuka gunia. Mwaka mmoja jua lilikuwa limemkaushia mpunga, uliofuata mafuriko yakaulaza ukaozea matopeni, na kwa misimu hiyo miwili alikula wa dukani huku akilalamika kila siku kwa kila aliyeketi naye. Mwaka huu ndio ulikuwa umekubali. Nilipofika kutoka Ukunda, ambako nashona nguo, ili nimsaidie kuvuna wiki mbili baadaye, alinipeleka shambani kabla hata sijanywa maji. Akasimama kwenye tuta, akashika suke moja kwa vidole viwili kama anayemshika mtoto kidevu, akaniambia, "Huu nitaula mimi, inshallah."

Jioni hiyo hiyo mdogo wangu akaja na habari zake. Kesho wangekuja wageni kutoka hoteli moja ya Galu. Watatazama ndege asubuhi, kisha watakuja kwetu kula chakula cha nyumbani, wali wa nazi na samaki, maana wamechoka na vya hoteli. Mama akamwambia hawezi kupika na kuamia kwa wakati mmoja, mpunga uko katika hatua mbaya, usimamiwe tangu alfajiri.

"Bondeni niachie mimi, mama," mdogo wangu akasema. "Wewe pika. Nitaamia mimi."

Mama alifurahi mpaka nikaona wivu. Tangu kijana huyo aote ndevu hakuwa amegusa debe. Mama akampa debe lake, akamweleza kwamba zile tepe za kaseti alizozifunga baina ya miti, zinazovuma upepo ukipita, mbili zimelegea azikaze, na upande wa mfereji ndio wanaoingilia kwanza. Alimweleza kama mgonjwa anayeacha wasia. Mdogo wangu aliitikia kila jambo, ndiyo mama, ndiyo mama. Mwanao wa kumzaa akikwambia niachie mimi, utaita mashahidi?

Kulipokucha mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa ile mvua ya mchoo, isiyo na radi wala haraka, inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mimi nilipewa kazi ya kubeba chupa ya chai na mahamri kuwapelekea wageni dunguni. Mdogo wangu akanitazama, akatazama na leso yangu nyekundu, akaniambia nibadilishe, ndege huogopa rangi kali. Nikamwambia vizuri sana, basi nitavaa mbili. Hakucheka. Akanivalisha koti lake kuukuu la kijani linalonuka beberu, na hivyo ndivyo nilivyotembea katika bonde nililozaliwa, nimefichwa nisiwaudhi mnana.

Wageni walikuwa watatu. Mzungu mzee na mkewe, watu wa adabu, na yule bibi hata alijitahidi akamwamkia mama shikamoo, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa, mama akaitikia marahaba kwa kuona haya. Wa tatu alikuwa bwana mmoja wa Nairobi mwenye kamera ndefu kuliko mkono wangu. Yeye alimwambia mama, "Sasa, mama," akapita. Mama akageuka kutazama nani anayesemeshwa.

Dunguni tulikaa kwa kunong'ona. Mvua ilipiga bati kwa kelele ambayo ingemfukuza hata tembo, lakini sisi wanadamu tulitakiwa tunong'one. Kwenye kinamasi hapakuwa na kitu. Alipita yangeyange mmoja, ameloa, amejikunyata kama mzee anayengoja hospitali. Alitua mdiria kwenye tete, akatutazama, akaona hatuna maana, akaruka. Yule Mzungu mzee hakuchoka, alikaa na darubini yake kimya akawa anamwaga tabasamu kwa matete. Bwana wa Nairobi ndiye aliyekuwa hana subira.

"Boss, si ulituambia huku kuna ndege wengi kinoma?" akasema. "Hapa naona maji tu. Tungebaki hoteli tukaangalia kunguru."

Mdogo wangu alikuwa anatoka jasho katika baridi ile. Alikunywa chai pamoja nao, akaeleza habari za ndege ambao hawapo, na kila baada ya muda alitazama mbingu. Nilimuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeko shambani kwa mama. Akaniambia nisijali. Nikadhani ameweka mtu. Nilimwamini kwa sababu jambo jingine lolote lilikuwa halifikiriki.

Mara mvua ikapungua, ikabaki manyunyu. Aliyewahi kuamia anajua hakuna saa mbaya kama hiyo. Mvua ikishika, ndege hujificha na njaa zao. Ikipungua tu, hushuka wote kwa mkupuo na njaa ya asubuhi nzima. Hiyo ndiyo saa ya kuwa na watu wawili, watatu shambani, na debe likaushwe kwanza kwa kitambaa ili lilie. Nilikuwa nainuka kwenda kuhakikisha. Ndipo mdogo wangu alipokwenda upande wa pili wa banda, palipokuwa na kidirisha kilichozibwa kwa ubao, akauondoa ule ubao taratibu.

"Njooni huku," akawaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayefungua duka.

Wakaenda wote watatu. Kamera ikaanza kulia tak tak tak bila kupumua. Yule bwana aliyekuwa akililia hoteli sasa alikuwa akiguna kwa raha, akimpiga mdogo wangu begani. Mzungu mzee akamshika mkewe mkono. Na yule bibi, kwa wema wake, akanigeukia, akavua darubini shingoni mwake, akanivika mimi. Nadhani aliniona maskini sijawahi kuona ndege.

Nikatazama. Nilichokiona kwanza kilikuwa kizuri, nitasema kweli. Manjano tupu, manjano yanayotembea, na katikati yake wale wadogo wekundu wenye kifua cheusi, kila mmoja ananing'inia na kuyumba, na matone ya mvua yakiruka kutoka migongoni mwao. Kisha nikaona walichokuwa wanakiyumbisha. Yalikuwa masuke. Nikasogeza darubini, nikaona tuta, nikaona mfereji, nikaona miti ya mama ya kufungia tepe imesimama kila mmoja mahali pake. Tepe hazikuwepo.

Niliivua darubini nikamrudishia mwenyewe. Chini ya benchi, nyuma ya viatu vya mdogo wangu, palikuwa na mfuko wa nailoni. Nikauvuta kwa mguu. Ndani mlikuwa na tepe za kaseti zimekunjwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, na debe la mama.

"Hizi umezitoa lini?" nikamuuliza.

"Alfajiri."

"Mama anajua?"

"Dada, tafadhali. Ni asubuhi moja tu."

Bwana wa Nairobi akaweka kidole mdomoni bila kuondoa jicho kwenye kamera. Alininyamazisha mimi. Katika dungu la baba yangu, akiwatazama ndege wakila chakula cha mama yangu, alininyamazisha kama anavyonyamazishwa mtoto msikitini.

Nililichukua debe pamoja na ule mfuko wa tepe nikashuka. Sikukumbuka ngazi, sikumbuki hata viatu viliishia wapi. Nilivua lile koti la beberu nikalitupa mferejini, leso yangu ikaonekana nyekundu vizuri, na nikaingia kwenye tuta nikipiga debe kwa ngumi kwa sababu kijiti hakikuwemo mfukoni. Nikapiga na kelele. Yale makelele ya utotoni yalitoka yenyewe, yakiwa mazima, na matusi niliyoyaongeza sikuyajifunza utotoni. Ndege wakainuka wote kwa pamoja kama makapi yanavyoinuka ungoni, wakazunguka juu ya kichwa changu, wakarudi kwenye matete.

Na unajua wale watu walifanya nini? Walishangilia. Nilimsikia yule bibi akipiga makofi dirishani. Kamera ililia kuliko mwanzo. Kumbe ndege wakiruka ndiyo picha inayotafutwa, na mimi niliyeingia pale kuwaharibia nikawa nimewakamilishia. Sijawahi kushindwa namna ile maishani mwangu.

Mdogo wangu alinifuata nilipokuwa nazunguka jaruba la pili. Alisimama upande wa pili wa maji, hakuthubutu kukanyaga tuta nililokuwepo. Akaniambia nimemdhalilisha mbele za wageni. Nikamwambia ashukuru ni mbele za wageni, wangekuwa hawapo ningemvika debe lenyewe kichwani. Akasema mimi naishi Ukunda, bonde nalijua siku ya kuvuna na siku ya kupakia gunia, na wanaobaki hapa kulilinda ni wao. Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli likanizidishia hasira.

Akaendelea. Alisema wale wageni wangeondoka hawajaona kitu, wasingerudi wao wala wenzao. Vijana wa kikundi wamekwisha kuanza kuchoka. Wakichoka, bonde watakodishwa wachimba mchanga waliokwisha kuja kuuliza, na hapo huo mpunga wa mama utapandwa wapi? Hoja ilikuwa na uzito wake. Hata leo siioni kuwa ya kipumbavu. Lakini nilimuuliza jambo dogo.

"Kwa nini hukumwomba mama mwenyewe?"

"Angekataa."

"Basi," nikamwambia.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikimpigia kelele mnana. Nikainama kutazama nilichoweza kuokoa. Majaruba mawili ya upande wa nyumba yalikuwa na nafuu. Yale ya upande wa mfereji masuke yalikuwa yamesimama wima, safu baada ya safu, mvua ikiyaosha. Nilikaa palepale nikizifunga tena tepe kwenye mti mmoja mmoja, yeye akarudi kuwakusanya wageni wake.

Nilipofika nyumbani mama hakuwa jikoni. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, moto umetolewa, harufu ya nazi imejaa ua mzima. Nikajua amelisikia debe. Mtu aliyeamia miaka yote hiyo hulijua debe linalopigwa kwa utulivu na lile linalopigwa watu wakishachelewa. Alikuwa amepita njia ya mnazini kwenda shambani, hatukukutana. Alirudi nikiwa nakamua leso. Mkononi alikuwa na masuke machache, akayaweka juu ya kinu, akanawa mikono, akafunga upya mtandio wake.

Nikaanza kumweleza. Akaniambia nitandike mkeka ndani, wageni wanakuja, wana njaa.

Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo sikuona ni nani aliyekuwa akipona. Mama aliwakaribisha kana kwamba hapajatokea jambo. Aliwaletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akamsogezea yule bibi mto wa kuegemea, akamuuliza bwana wa Nairobi kwao wazima. Nilikuwa naungoja ule ulimi wa mama ninaoujua, ulimi uliowahi kumfanya mwenye duka afunge mapema, lakini haukuja. Nilimkasirikia hata yeye. Niliona anamficha mwanawe, kama wanavyofichwa wana wa kiume siku zote, na mimi ndiye niliyebaki na matope magotini.

Akapakua. Ulikuwa mchele wa dukani, maana wake ndio ule uliokuwa bondeni. Akampa Mzungu mzee sahani iliyojaa, na kichwa cha samaki kwa heshima ya uzee wake. Akampa bibi. Akampa bwana wa Nairobi, akamwongezea tui bila kuombwa. Akanipa mimi. Mdogo wangu alikuwa ameketi mwisho wa mkeka karibu na mlango. Akanyoosha sahani yake.

Mama akalaza upawa ndani ya sufuria, akafunika.

"Wako wameula ndege," akamwambia.

Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba chumvi imekwisha. Mdogo wangu alibaki na mkono umenyooka, kisha akaishusha ile sahani juu ya goti, akawa anaisugua ukingo kwa kidole gumba. Mwanamume mzima, mwenyekiti. Nilifurahi. Sitajifanya nilimwonea huruma, nilifurahi, na wali wa dukani siku hiyo nikauona mtamu.

Wageni walikula na kusifu. Bwana wa Nairobi alionyesha picha zake kwa yeyote aliyetaka, na kwa mama pia, akambonyezea moja baada ya moja. Mama akazitazama zote. Mnana kwenye suke, mnana wawili kwenye suke, suke limevunjika mnana yuko juu yake. Akasema ni nzuri, ahsante.

Ni yule bibi aliyegundua. Alimtazama mdogo wangu na sahani yake tupu, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha mbona hali. Bwana wa Nairobi naye akainua macho. Mdogo wangu akajikohoza.

"Nimefunga," akasema.

Bwana wa Nairobi, aliyekunywa naye chai asubuhi ile ile dunguni, aliacha kutafuna. Bibi akaweka mkono kifuani kwa heshima, akaomba radhi kwa kuuliza. Nikamtazama mama nione kama atalipitisha. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki sahanini mwake, hakuinua kichwa.

"Basi na maji msimpe," mama akasema.

Jagi lilikuwa mbele ya mdogo wangu. Nikaliondoa nikalipeleka kwa wageni.